Suluhu ya Nne ya Abdulsalam

Mlionilaumu wiki nzima kwamba nimemwacha Chebet amesimama na mkono kwenye kitasa, poleni sana. Aliyesimama ni yeye. Ninyi mlikuwa mmekaa mnakunywa chai. Basi mlango ukagongwa mara ya pili, na safari hii mgongaji akajitaja.

"Hodi! Ni kamati."

Chebet akaachia kitasa. Alikuwa amejiandaa kukabiliana na mume mwenye hasira. Kamati hakuiwazia.

Kwa msomaji aliyeingia leo: Chebet ni wakili kutoka Eldoret. Hapa Guangzhou anaandika hati za mizigo kwenye kampuni ya kontena, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Kila Ijumaa huomba ruhusa kazini, akajifungia kwenye stoo ya nguo ghorofa ya tisa, pale Xiaobei, na kuwasaidia bure wanawake wanaopigwa na waume zao. Malipo yake ni kusengenywa kwenye lifti.

Na nyuma ya marobota ya jinzi, siku hiyo, alikuwa amejibanza Swalha wa Unguja, mkono wa kushoto, uliovunjika, umefungwa hogo la plasta.

Swalha ananunua viatu masoko ya Liuhua mwaka wa tano sasa, na wauzaji wa kule humwita laoban, yaani bosi. Nyumbani mumewe, Abdulsalam, ana majina mengine ya kumwita. Wiki hiyo alikuwa amemkatia tikiti ya kwenda tu, ndege ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hiyo hiyo. Binti yao Najat, miaka sita, abaki na baba yake, kwa kuwa eti mtoto ana shule. Kibali cha Swalha cha kukaa China kinategemea cha mumewe. Akipanda ndege ile harudi, na Najat atalelewa na mkono uliomvunja mama yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakigombewa, mengine yote ni maneno.

Wakili Liang, mama wa Kichina anayejitolea pamoja na Chebet, alikwisha sema: mahakama ya hapa inaweza kutoa amri ya kumlinda mke, tena upesi, lakini inataka ushahidi wa kushikika. Na ushahidi haukuwepo. Cheti cha hospitali kinasema mgonjwa aliteleza kwenye ngazi. Aliyemtafsiria daktari siku ile alikuwa mume mwenyewe. Kichina cha Swalha ni cha viatu: namba, rangi, katoni. Namna ya kusema "nimepigwa" hakuwahi kuihitaji sokoni.

Chebet akafungua mlango.

Wakaingia watatu. Wa kwanza Mzee Burhani, mwenyekiti wa jumuiya ya wafanyabiashara, aliyesuluhisha ndoa arobaini mjini hapa na kwa hesabu zake hajashindwa hata moja. Mke aliyerudishwa kwao hahesabiwi. Wa pili Dullah, katibu, na faili kubwa kifuani. Wa tatu Abdulsalam, kanzu nyeupe ya Ijumaa, manukato ya kutosha watu sita.

"Shikamoo, mzee," Chebet akasema. Adabu haimzuii mtu kukasirika.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa heri."

"Nami nawakaribisha kwa heri. Mmempoteza nani?"

Abdulsalam akatabasamu. "Dada Chebet, tusichoshane. Mama Najat yumo humu. Amechoka tu, nataka akapumzike kwao."

"Kupumzika kwa tikiti ya kwenda pekee?"

"Ya kurudi tutakata akishapumzika."

Mzee Burhani akainua mkono, wakanyamaza. "Mwanangu, nyinyi wanasheria mna papara ya kushtaki. Sisi tuna utaratibu. Huyu kijana hatukumwacha hivi hivi, tumemkanya. Tena kwa maandishi. Katibu, msomee."

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wa jumuiya hii, maana bila hivyo mtadhani nawatania. Miaka kumi iliyopita waliwahi kuletewa kontena zima la viatu vya mguu wa kushoto. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na muuzaji akasema mguu wa kulia haukutajwa. Tangu siku hiyo jumuiya haiamini neno lisiloandikwa. Kikao cha harusi, kikao cha msiba, ugomvi wa maegesho, vyote huandikwa Kiswahili upande huu na Kichina upande huu, saini, namba ya pasipoti, dole gumba kwa wino mwekundu, na muhuri. Kwa hiyo na mke akipigwa, nako huandikwa.

Dullah akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Suluhu ya kwanza, tarehe kumi na mbili Machi. Abdulsalam anakiri kumpiga mkewe Swalha makofi mawili na kumfungia nje. Ameomba radhi. Hatarudia."

"Mnaona?" Burhani akasema.

"Suluhu ya pili, tarehe nne Juni. Abdulsalam anakiri kumpiga mkewe kwa waya wa chaja mgongoni. Ameomba radhi. Hatarudia. Suluhu ya tatu, tarehe thelathini Agosti. Anakiri kumkaba mkewe na kumnyang'anya simu. Ameomba radhi. Hatarudia kabisa."

"Hilo 'kabisa' niliongeza mimi," Mzee Burhani akasema, na kifua kikamtanuka.

Chebet akasogelea faili. Jumanne ya wiki ile Wakili Liang alikuwa amemweleza kitu, na yeye akacheka: kwamba mahakama ya hapa hupokea kama ushahidi barua ambayo mpigaji mwenyewe anakiri na kuahidi hatarudia. Chebet akamwuliza, mama, ni mwanamume gani mwenye akili zake atakayeandika barua kama hiyo?

Sasa alikuwa anasomewa tatu, na mwenyekiti anasubiri kupongezwa.

Akampongeza.

"Wazee wangu, sikujua mmefika mbali hivi! Kwetu tunapiga tu makelele. Nyinyi mna faili. Naweza kupiga picha nijifunze hii kazi?"

Dullah akaitandaza karatasi ya kwanza juu ya robota, akaikunjua pembe, akasogea ili kivuli chake kisiharibu. "Kichina nimeandika mwenyewe," akasema. "Nimesoma hapa hapa miaka minne."

"Mwandiko uko safi sana, katibu."

"Wananiambia."

Picha tatu zikaenda kwa Wakili Liang. Jibu likarudi kabla Dullah hajafunga faili. Ni za kweli? Nani aliandika? Chebet akajibu: wenyewe. Liang akaandika tena: Nahitaji karatasi halisi, si picha. Na mkono uliovunjika haumo. Jaji atauliza kwanza mkono.

Kweli haumo. Mkono ulivunjwa wiki iliyopita, na kamati haikuwa imekaa.

Chebet akamgeukia mwenyekiti kwa uso wa mtoto wa shule. "Mzee, nisamehe kuuliza. Suluhu ya huu mkono ni ya ngapi?"

Burhani akamtazama katibu, katibu akatazama faili.

"Dullah, ya mkono iko wapi?"

"Mzee, tuliona bibi anaondoka leo, tukasema..."

"Mkasema tuvunje utaratibu?"

"Mzee," Abdulsalam akaingilia, "ndege ni saa kumi na moja, bado swala, bado chakula..."

"Utaratibu ni utaratibu! Mimi mwenyekiti nitaonekanaje?"

Hapo marobota ya jinzi yakasogea, na Swalha akatoka. Vumbi la nguo mpya limemjaa kwenye mtandio, mkono ameukumbatia. Hakumtazama mumewe.

"Nami bila karatasi sipandi ndege," akasema.

Abdulsalam akapumua kwa raha. Kumbe mke anataka karatasi tu! Karatasi tatu alikwisha zitia saini na hazikumpunguzia hata usingizi.

"Mwandikie, Dullah. Upesi."

Dullah akaandika huku akisoma. "Suluhu ya nne. Kwa bahati mbaya, mkono wa bibi Swalha uliumia..."

"Bu xing," Swalha akasema.

Maana yake haifai, na ndilo neno analowapa wauzaji wa Liuhua wakimletea bei ya kijinga, na hulisema bila kupandisha sauti. Dullah kalamu ikamsimama.

"Haukuumia. Ulivunjwa. Andika umevunjwa na nani, kwa kitu gani, wapi, tarehe ngapi."

"Bibi, hayo si makali mno? Suluhu huwa ya maneno laini."

"Dullah, mimi nikiagiza viatu vyeusi naandika vyeusi. Siandiki viatu vya rangi."

Chebet akajishughulisha na dirisha. Angecheka pale, mambo yote yangeharibika.

"Haya, sema," Dullah akakubali.

"Jumatano iliyopita, saa mbili asubuhi. Mguu wa kiti. Mkono wa kushoto, mara tatu." Alikuwa anasema taratibu, kama anayetaja oda, mpaka alipofika kwenye neno la mwisho. "Jikoni." Akalisema akitazama sakafu. Najat alikuwa mezani jikoni siku ile, anakunywa uji. Akaendelea. "Na hospitali akamwambia daktari nimeanguka kwenye ngazi, na haikuwa kweli."

"Hilo la hospitali halihusiani," Abdulsalam akasema haraka.

"Basi nikose ndege."

Abdulsalam akatazama saa. Akamtazama mwenyekiti, naye mwenyekiti alikuwa anafurahia jinsi waraka ulivyokamilika kuliko zote alizowahi kusimamia. "Andika anachotaka," akasema Abdulsalam. "Ni karatasi tu."

Ikaandikwa. Kwamba hatampiga, hatamgusa, hatamfuata. Hatarudia kabisa. Kiswahili huku, Kichina huku, nakala mbili. Abdulsalam akatia saini, akachovya dole gumba kwenye wino mwekundu, akagandamiza. Mwenyekiti akapiga muhuri, hakuridhika na ulivyokaa, akapiga wa pili.

"Na nakala ya mke?" Chebet akauliza. "Utaratibu unasemaje?"

"Mke ana haki ya nakala halisi," Burhani akajibu. "Zote nne. Zile tatu tulimhifadhia tu, wanawake hupoteza karatasi."

"Leo hatapoteza, mzee. Nakuahidi."

Mzee Burhani akazitoa kwenye faili kwa mikono miwili, kama anatoa zawadi. Nisimwonee, wasomaji: mzee huyu ni mwadilifu kabisa kwenye karatasi. Shida yake ilikuwa hajawahi kumtazama mtu aliyeandikwa humo.

Abdulsalam akambusu mkewe kwenye paji la uso mbele ya wote. Kamati ikafurahi. Swalha akasubiri mlango ufungwe, kisha akalifuta paji kwa hogo mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Tutampitia saa tisa!" Burhani alipaza sauti kutoka kwenye lifti.

Saa sita kasoro dakika kumi Chebet na Swalha walikuwa mbele ya dirisha la mahakama ya wilaya, Wakili Liang katikati yao, mfupi, miwani imemteleza puani. Karani akasoma waraka wa kwanza akiwa amekaa. Wa pili akiwa ameinama mbele. Wa nne akausoma amesimama, akamwita mwenzake.

"Mume ameandika haya mwenyewe?"

"Katibu kaandika," Liang akajibu. "Mume katia saini na dole."

"Alilazimishwa?"

"Alikuwa na haraka ya kwenda kuswali."

"Na muhuri huu?"

"Wa jumuiya yao. Wana mashahidi, wana tarehe, wana namba za pasipoti."

Karani akasema ana miaka kumi na miwili kwenye dirisha lile, na waombaji humletea jumbe za simu zilizofutwa nusu na picha za giza. Faili la mpigaji lililopangwa na marafiki wa mpigaji ndiyo kwanza analiona. Akapiga muhuri wa kupokea. Halafu akatundika kibao cha chakula cha mchana, kwa sababu haki nayo hula.

Walirudi saa nane na nusu. Jaji, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, akamsikiliza Swalha kwa mdomo wa Chebet kwa nusu saa nzima. Akauliza kwanza mkono. Kisha akafunga faili na kusema hili ni jambo la dharura, amri itaandikwa alasiri ile ile, Swalha asiondoke mpaka atie saini maelezo yake.

Kwenye korido Swalha alikaa kitini akalia. Hakulia kwa huzuni. Alikuwa ameaminiwa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu afunge ndoa.

Ndipo simu yake ikaita. Video.

Abdulsalam, bado kwenye kanzu, anatabasamu. Nyuma yake vioo virefu na vigari vya mizigo. Baiyun, uwanja wa ndege. Pembeni yake Najat, sare ya shule, ana barafu ya koni mkononi.

"Mama Najat, nimempitia mtoto shuleni mapema. Nimekata tikiti mbili mpya, yangu na yake. Wewe si hutaki kupanda? Baki na wanasheria wako."

"Abdulsalam, mrudishe mtoto."

"Karatasi inasema sitakupiga, sitakugusa, sitakufuata. Mimi nimeshika neno, nakwenda mbali nawe kabisa. Najat humo hayumo. Soma."

"Mama, tunapanda ndege!" Najat akapiga kelele kwa furaha, na picha ikakatika.

Swalha akaisoma. Akaisoma tena. Alikuwa ametaja mguu wa kiti, saa, tarehe, jikoni, hata daktari. Mtoto hakumtaja popote. Haikumjia kwamba mwanawe ni kitu cha kuandikishwa.

"Naenda," akasema, tayari ameinuka.

Wakili Liang akamshika mkono ulio mzima, Chebet akitafsiri. "Nisikilize. Jaji anaweza kumwongeza mtoto kwenye amri, lakini ni wewe unayetakiwa kusema mbele yake na kutia saini. Ukitoka sasa faili linalala mpaka Jumatatu. Na kule uwanjani utakuwa mama anayepiga kelele. Polisi wa uwanja atamtazama baba mwenye tikiti na mtoto anayecheka. Atamwamini nani?"

Swalha akautazama mlango wa kutokea. Akautazama mlango wa jaji. Msomaji mwenye mtoto, jiweke pale.

"Chebet," akasema, "nenda wewe. Mimi simu itanitafsiria. Wacheleweshe. Kwa njia yoyote."

"Mama Najat, mtoto hanijui hata sura."

"Nenda!"

Akaingia kwa jaji bila kugeuka nyuma.

Saa tisa na dakika ishirini Chebet alikuwa ndani ya teksi, hana amri, hana barua, hana mamlaka hata ya kuuliza foleni inaanzia wapi. Dirisha la kukagua tikiti hufungwa saa kumi. Dereva akasema nusu saa, labda zaidi, barabara ya uwanjani Ijumaa ndivyo ilivyo.

Simu ikaita. Mzee Burhani.

"Mwanangu, mko wapi? Tumefika stoo, hakuna mtu. Na Abdulsalam msikitini sikumwona, nikarudi ofisini."

"Yuko Baiyun, mzee. Na Najat. Anaondoka naye."

Sauti ya mzee ikashuka. "Hakuiambia kamati."

"Mtu anayemvunja mkewe mkono ataiambia kamati?"

"Lakini Najat haendi popote. Pasipoti yake ninayo mimi, kabatini. Za watoto wote ninazo tangu Jumatatu, nazipeleka kurefushwa vibali."

Chebet nusura ambusu dereva. "Mzee wangu! Basi kaa nazo! Usimpe mtu!"

"Ndiyo maana nimekupigia. Ameniomba kwa simu nimpe Dullah ampelekee, hakusema ni ya safari. Amesema ni mwanawe, na ni kweli ni mwanawe. Nimpe au nisimpe?"

Miaka ishirini mzee huyu ameamua ndoa za watu bila kumwuliza mtu yeyote. Hili la kabati moja likamshinda.

"Usimpe. Mama yake yuko mahakamani, jaji anaandika amri sasa hivi, jina la mtoto limo. Nipe saa moja tu."

"Na nikimnyima mtu pasipoti ya mwanawe, kesho nani ataleta ugomvi wake kwa kamati?"

"Mzee, zile karatasi nne ulizipigia muhuri wewe! Ulikuwa unamkanya, au ulikuwa unapiga muhuri tu?"

Chebet akasikia pumzi za mzee, nzito, za mtu mzima. Kisha akasikia hodi, na sauti ya Dullah, katibu wa mwandiko mzuri.

"Mzee, samahani. Teksi iko chini, injini inanguruma. Abdulsalam amesema nisiondoke bila pasipoti ya mtoto."

"Mzee Burhani," Chebet akaita. "Mzee!"

Upande wa pili akasikia ufunguo ukizungushwa, na kabati likafunguliwa.